Ajayi, Mtoto Aliyeuzwa kwa Farasi

Ukipita katika njia iendayo Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, utaona kengele kuukuu mahali panapoitwa Kengeleni. Kengele hiyo ni ukumbusho wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 ili kiwe makao ya watumwa waliookolewa katika majahazi. Watoto wengi walishushwa hapo wasijue baba zao wako wapi, wala mama zao wangali hai au wamekufa. Wengi wa watoto hao hatuyajui majina yao. Lakini upande wa pili wa Afrika, katika nchi ya Wayoruba, palikuwa na mtoto mmoja aliyepatwa na msiba kama wao, naye akaishi hata akauandika kwa mkono wake mwenyewe. Nataka, msomaji, ufuatane nami tumwangalie mtu huyo. Huenda umepata kusikia kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa askofu katika kanisa la Kianglikana. Hilo ni kweli, na ni jambo kubwa. Walakini mimi sitaki umtazame askofu peke yake. Nataka umtazame mwana, mume, baba, na mtu aliyefanya kazi tangu utoto wake hata siku aliposhindwa kushika kalamu.

Jina lake lilikuwa Ajayi. Kwa desturi ya Wayoruba, jina hilo hupewa mtoto azaliwaye uso wake ukielekea chini. Alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, katika nchi iitwayo leo Nigeria. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na mama yake aliitwa Afala. Mji wao ulizungukwa na boma, mashamba yalikuwa karibu, na mtoto alijifunza kazi kwa kumtazama mzee wake. Siku hizo dola kuu ya Oyo ilikuwa ikivunjika. Vita vilizuka huku na huku, na kila vita vilizaa mateka, na kila mateka alikuwa na bei yake pwani.

Asubuhi moja, mapema katika mwaka 1821, watu wa Osogun walikuwa wakipika chakula cha asubuhi ikasikika mbiu ya vita. Adui wamekwisha kuuzingira mji. Baba yake Ajayi alikuja mbio nyumbani, akawaambia mkewe na watoto wakimbie, kisha akarudi bomani kupigana. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mwanawe kumwona. Afala alikuwa na watoto wake pamoja naye, na mdogo wao alikuwa mtoto mchanga wa kubebwa. Msomaji, fikiri mwenyewe: mama mwenye mtoto mgongoni na wengine mkononi atakimbia umbali gani? Walikamatwa njiani. Wakatiwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakatembezwa kutwa kucha, na nyuma yao mji wao ukiwaka moto.

Huko walikopelekwa, Ajayi alitengwa na mama yake. Aliyempata alimtoa, akapewa farasi. Hivyo ndivyo alivyouzwa kwa mara ya kwanza, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi: mtoto mmoja, farasi mmoja. Baada ya muda mwenye farasi hakupendezwa na biashara ile, farasi akarudishwa, na mtoto akarudishwa kwa bwana wake. Kwa bahati bwana huyo alihamia mji aliokuwako Afala, na kwa muda wa miezi mitatu hivi mtoto aliweza kwenda kumwona mama yake. Kisha siku moja jioni alichukuliwa ghafula akapelekwa mbali, pasipo kuagana naye. Akauzwa tena, na tena. Alipofahamu kwamba anapelekwa pwani, auzwe kwa Wareno waivuke bahari, alikata tamaa hata akawaza kujiua usiku, lakini moyo wake haukumpa nguvu za kulitenda. Mwisho aliuzwa kwa tumbako, pombe kali na vitu vingine, akafikishwa Lagos, ambako wenyeji hupaita Eko.

Katika Lagos watumwa walitiwa mnyororo mmoja mrefu shingoni, watu wazima pamoja na watoto. Ajayi alieleza baadaye kwamba wanaume walipokasirika waliuvuta mnyororo, na watoto waliokuwa kati yao wakaumizwa shingo karibu ya kufa. Baada ya miezi kadhaa waliingizwa katika merikebu ya Kireno iliyoitwa Esperança Felix, jumla yao watumwa 187. Ilikuwa mwanzo wa Aprili 1822. Kama merikebu hiyo ingalipata upepo mzuri na njia wazi, Ajayi angalilima miwa au angalichukua mizigo huko Brazili, na mimi nisingalikuwa na habari ya kukuandikia.

Lakini Uingereza ilikuwa imekwisha kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na manowari zake zilikuwa zikizunguka katika pwani ile. Mnamo tarehe 7 Aprili 1822, manowari Myrmidon, ambayo nahodha wake alikuwa Henry Leeke, na mwenzake Iphigenia, ziliikamata merikebu ya Wareno. Msidhani kwamba watoto wale walifurahi papo hapo. Walipopandishwa katika manowari waliona nyama ya nguruwe imetundikwa, na risasi za mizinga zimepangwa sitahani, mviringo na nyeusi. Wakadhani nyama ile ni ya watu na risasi zile ni vichwa vya wenzao. Walikuwa wamekwisha kuuzwa mara nyingi, basi kwa nini wamwamini mnunuzi mpya? Ajayi alisogea karibu, akatazama, akaona kwato za nguruwe, ndipo moyo ukamtulia kidogo.

Mnamo Juni 1822 walishushwa Sierra Leone, nchi iliyotengwa kwa ajili ya watu waliofunguliwa. Ajayi aliwekwa katika kijiji cha Bathurst, chini ya wamisionari. Hapo lilianza jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alitie moyoni. Mtoto yule hakuwa na baba, hakuwa na mama, hakuwa na shamba, wala hakuwa na lugha ya mahali pale. Alikuwa na wakati tu, na afya yake. Katika muda wa miezi sita hivi alikuwa akiweza kusoma Agano Jipya. Mchana alijifunza useremala, kupasua mbao na kuunganisha, hata akawa fundi. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akachukua jina la Samuel Crowther, lililokuwa jina la kasisi mmoja wa Uingereza. Lakini jina la Ajayi hakulitupa. Mwaka 1827, chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza kabisa. Na si muda mrefu akawa mwalimu.

Katika Sierra Leone alimwoa msichana aliyeitwa Asano, ambaye naye alikuwa ameokolewa katika utumwa. Alipobatizwa aliitwa Susan. Naye alikuwa mwalimu. Fikiri juu ya arusi ile, msomaji. Hapakuwa na mjomba wa kusimama upande wa bwana arusi, wala shangazi wa kumfunda bibi arusi. Jamaa zao walikuwa wametawanyika kama majani ya mti uliopigwa na tufani. Watu wawili waliopokonywa nyumba zao walikubaliana kujenga nyumba moja, na nyumba ile ilidumu yapata miaka hamsini, hata Susan alipofariki mwaka 1880. Walipata watoto sita, wana watatu na binti watatu. Crowther alikuwa mtu wa safari nyingi, na mzigo wa malezi mara nyingi ulimwangukia Susan. Kwa hiyo tunapoyasifu matendo ya Crowther, yatupasa kusema kwamba nusu ya sifa ile ni ya mkewe, ambaye vitabu vimemtaja kwa maneno machache mno.

Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilipeleka meli za moshi kuupanda mto Niger, ili kufanya mikataba na wafalme na kuikomesha biashara ya watumwa kwa kuleta biashara nyingine. Crowther alichaguliwa kuwa mmoja wa wasafiri, pamoja na mmisionari Schön. Safari ile ilikuwa ya maafa. Homa iliwashambulia Wazungu, na zaidi ya 40 wakafa katika muda mfupi. Wengi walisema kwamba mto ule ni kaburi. Crowther aliona jambo jingine: kama Injili na elimu zitafika bara, zitafikishwa na Waafrika wenyewe, nao hawana budi kusema na watu kwa lugha zao. Akapelekwa London kusoma, akapata ushemasi na ukasisi katika mwaka 1843, na mwaka uo huo kitabu chake cha msamiati wa Kiyoruba kikatolewa. Aliporudi Freetown alihubiri kwa Kiyoruba. Watu waliokuwa wamezoea kusikia sala kwa Kiingereza walisikia maneno ya mama zao yakitoka katika mimbari.

Mwaka 1845 alifika Badagry, katika pwani ya nchi yake, pamoja na mkewe na wamisionari wenzake. Njia ya bara ilikuwa imefungwa kwa vita, wakangoja zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1846 wakafika Abeokuta, mji uliojengwa na wakimbizi chini ya jabali kubwa. Na hapa, msomaji, ndipo penye kiini cha habari yangu.

Tangu siku ile aliyotengwa na mama yake miaka 25 ilikuwa imepita. Alikuwa amekwisha kuzoea kuhesabu kwamba mama yake amekufa. Lakini habari huenda kwa miguu yake yenyewe. Tarehe 21 Agosti 1846 bibi kizee mmoja aliletwa kwake. Alikuwa Afala. Wote wawili walitazamana. Yule mama akaanza kutetemeka, na mwana hakupata la kusema. Walishikana mikono, wakanyamaza, na machozi yakawatoka. Mama alikuwa amemwacha mtoto mwembamba mwenye kamba shingoni. Sasa mbele yake amesimama mtu mzima, mwenye mavazi ya kasisi, anayeitwa kwa jina asilolijua. Lakini yeye alimwita Ajayi. Katika miaka ile Afala alikuwa amepata kutekwa na kuuzwa tena, na binti zake wakamkomboa. Dada zake Crowther nao walikuwa hai.

Baada ya hapo mwana alimweka mama yake karibu naye. Tarehe 5 Februari 1848 Afala alibatizwa, akaitwa Hannah, kwa kuwa katika Biblia Hana ndiye mama yake Samweli. Aliishi miaka mingi baadaye katika nyumba ya mwanawe, akafariki Lagos mwaka 1883. Kuna watu wapatao cheo wakaona haya kuwaonyesha wageni wazee wao wasiojua kusoma. Crowther alisimama mbele ya wakubwa wa Uingereza, akarudi nyumbani kumtunza bibi kizee wa Osogun. Mimi naona jambo hili si dogo kuliko vitabu alivyoandika.

Mwaka 1851 aliitwa Uingereza kueleza habari za nchi yake. Alizungumza na mawaziri, kisha akaonana na Malkia Victoria na mumewe Prince Albert katika jumba la Windsor. Alifungua ramani, akawaonyesha miji na njia za biashara ya watumwa. Malkia alimwomba aseme Sala ya Bwana kwa Kiyoruba, akaisema, na Malkia akaisifu lugha ile kwa ulaini wake. Hapa haki hutulazimisha kutaja upande wa pili wa mambo. Crowther aliiomba Uingereza isaidie kuukomesha utumwa katika Lagos. Mwezi Desemba mwaka uo huo manowari za Kiingereza ziliupiga mji ule mizinga, na mwaka 1861 Lagos ikatwaliwa kuwa koloni. Mtu aliyeokolewa na manowari hakuona kwa urahisi kwamba manowari iyo hiyo yaweza kuleta utawala wa kigeni. Tusimhukumu kwa ukali, lakini tusilifiche. Historia ifichayo makosa ya mashujaa haiwafundishi vijana neno.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya kazi. Mwaka 1854 aliupanda tena mto Niger katika meli Pleiad, chini ya Dk. Baikie. Safari hii wasafiri walitumia kwinini, na hakuna aliyekufa kwa homa. Mwaka 1857 alikuwa tena mtoni, na misheni ya Onitsha ikaanzishwa. Mwaka uo huo alitoa kitabu cha kwanza cha kusomea cha lugha ya Igbo. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ile ya Biblia ya Kiyoruba. Watu hudhani kwamba kufasiri ni kubadili neno kwa neno. Crowther hakufanya hivyo. Alikaa na wazee, akasikiliza mashauri, hadithi na methali zao. Alitafuta neno ambalo mkulima wa Oyo na mchuuzi wa Abeokuta wote watalifahamu, na alipolipata aliliandika. Katika kamusi yake ya mwaka 1852 aliweka methali nyingi za Wayoruba, na hivyo akazihifadhi kwa vizazi vilivyofuata. Alianza kutoa sehemu za Biblia karibu na mwaka 1850, akisaidiwa na wenzake kama Thomas King. Biblia nzima ikapatikana mwaka 1884. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka thelathini ya kazi ya mezani, iliyofanywa kati ya safari, homa na vita. Mtu asiye na subira asingaliweza kuifanya.

Tarehe 29 Juni 1864 Crowther alifanywa askofu katika kanisa kuu la Canterbury. Kanisa lilijaa watu pomoni. Kati yao walikuwako watu wawili waliokuja kwa sababu ya pekee. Mmoja alikuwa mzee Henry Leeke, nahodha wa Myrmidon, aliyemtoa mtoto Ajayi katika merikebu ya watumwa. Wa pili alikuwa bibi mmoja mjane, ambaye miaka mingi nyuma, katika kijiji cha Bathurst, alimfundisha mtoto yule herufi zake za kwanza. Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa heshima ya udaktari wa elimu ya dini. Hapa Afrika Mashariki tulingoja hata mwaka 1885 ndipo William Jones na Ishmael Semler, ambao nao walikuwa wameokolewa katika utumwa, wakapata ushemasi mikononi mwa Askofu Hannington. Basi uone jinsi Crowther alivyokuwa mbele ya wakati wake.

Uaskofu haukumpa raha. Makao yake yalikuwa Lagos, na kazi yake ilikuwa kandokando ya mto Niger, mbali sana. Kwa miaka mingi alitegemea meli za wafanyabiashara, ambazo zilipanda mto maji yalipojaa. Mwaka 1867 mtawala mmoja wa mtoni alimkamata akadai mali ili amwachilie. Katika kumwokoa, konsuli wa Kiingereza aliyeitwa Fell aliuawa. Hata hivyo vituo viliongezeka, shule zilifunguliwa, na walimu wote walikuwa Waafrika. Katika kazi hiyo alisaidiwa na mwanawe Dandeson, aliyekuwa kasisi kisha archidikoni. Binti yake Abigail aliolewa na Thomas Babington Macaulay, kasisi aliyeianzisha mwaka 1859 shule ya kwanza ya sekondari katika Lagos. Wanawe wengine walishika biashara. Nyumba ya Crowther ilikuwa nyumba ya vitabu, sala na kazi, na watoto wake waliyaona hayo kwa macho kabla ya kuambiwa kwa maneno.

Sasa nakuja kwenye sura ya huzuni. Karibu na mwaka 1880 nia za watu katika Ulaya zilikuwa zimebadilika. Mataifa yalikuwa yakigawana Afrika, na wengi walianza kusema kwamba Mwafrika hafai kuongoza. Henry Venn, katibu wa misheni aliyemwamini Crowther, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1873. Wakaja vijana wa Kiingereza wenye bidii nyingi na maarifa machache, wakaanza kuchungua kazi ya mtoni. Ni kweli kwamba baadhi ya walimu walikuwa na makosa, na askofu aliyekaa mbali, tena mpole wa tabia, hakuweza kuyaona yote. Lakini vijana wale hawakutofautisha mwenye kosa na asiye nalo. Mwezi Agosti 1890 ulifanyika mkutano wa kamati katika Onitsha. Mzee yule, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka themanini, alikaa akasikiliza watu wenye umri wa wajukuu wake wakiwashutumu na kuwasimamisha watumishi wake, na mwanawe Dandeson akiwa mmoja wa walioshutumiwa. Alipoona kwamba neno lake halisikilizwi, alijiuzulu katika kamati ile.

Jiulize, msomaji: ungalifanya nini? Wengi wetu tungalitukana, au tungalikwenda zetu tukaiacha kazi. Crowther hakutukana, wala hakuiacha. Aliendelea kuandika barua na kupanga jinsi makanisa ya Delta yatakavyojitegemea kwa mali yao wenyewe. Katika mashauri hayo alipatwa na ugonjwa wa kiharusi, na tarehe 31 Desemba 1891 akafariki katika Lagos. Aliyewekwa mahali pake alikuwa Mzungu. Lakini mwaka 1892 makanisa ya Delta, chini ya Dandeson, yalijitenga na utawala wa misheni yakajisimamia. Naye mjukuu wake, Herbert Macaulay, mwana wa Abigail, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1864, alikua akawa mpinzani mkuu wa utawala wa kikoloni katika Lagos. Mwaka 1923 alianzisha chama cha siasa, na Wanigeria wengi humhesabu kuwa baba wa utaifa wao. Babu alipeleka habari kwa Malkia kwa ramani. Mjukuu alimdai mtawala haki kwa magazeti na mikutano. Njia zao zilikuwa mbili, lakini kiburi cha kujiona mtu kamili mbele ya mtu yeyote kilitoka katika nyumba moja.

Haki huchelewa, lakini mara nyingine hufika. Tarehe 29 Juni 2014, miaka 150 kamili tangu siku ile ya Canterbury, ibada ilifanywa katika kanisa lile lile kumkumbuka Crowther. Askofu Mkuu Justin Welby alikiri mbele ya watu kwamba mzee yule alitendwa vibaya na kanisa lake mwenyewe, akaomba toba. Maneno hayo hayakumfikia Crowther kaburini. Lakini yametufikia sisi, na yanatufundisha kwamba kosa la wakubwa ni kosa, hata likikaa miaka mia na zaidi pasipo kutajwa.

Basi tujumlishe. Wewe uliye mwanafunzi leo una mahali pa kulala, una vitabu, na pengine una mzee nyumbani anayeamka alfajiri ili karo yako ipatikane. Huenda mzee huyo hakuonana na malkia, wala hatapata kuandikwa katika kitabu cha historia. Lakini ukimtazama vema utaziona tabia zile zile: hufanya kazi asiyolazimishwa na mtu, huishika ahadi ya ndoa yake, huwatunza waliomzaa, huvumilia dharau pasipo kuwa mtumwa wa hasira. Crowther alikuwa mtu mkubwa kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo kwanza, kabla hajawa askofu. Cheo kilimkuta na tabia tayari. Mtu akikosa tabia hiyo, cheo hakiwezi kumpa. Na mtu akiwa nayo, kamati ya watu wenye kiburi haiwezi kumnyang'anya.

Mwanzoni nilikuambia kwamba aliuzwa kwa farasi mmoja. Aliyemnunua alimpima kwa macho: urefu wake, meno yake, nguvu za mikono yake. Hakuona lugha itakayoandikwa, wala mama atakayetunzwa, wala watoto sita, wala vitabu, wala shule. Watu hupimana hivyo hata leo, kwa mavazi na kwa fedha. Safari nyingine utakapopita Kengeleni na kuitazama kengele ile, wakumbuke watoto walioshushwa pale ambao majina yao yamepotea. Kisha umwangalie mtoto mwenzako aliyeketi karibu nawe darasani, yule mnyonge asiyesikika, ujiulize kama kweli umekwisha kujua thamani yake.